Mwalimu Aliyeacha Do-Re-Mi

Mwalimu wa kwaya alichelewa kila mahali isipokuwa katika wimbo. Harusini alifika watu wakiwa wameshanawa mikono. Mazishini alifika udongo ukiwa umeshatupwa, akasimama nyuma ya waombolezaji na kofia yake kifuani, kisha akatoa sauti ya kuanzia wimbo wa mwisho kana kwamba msiba mzima ulikuwa ukimngoja yeye. Lakini ndani ya wimbo, ole wako uchelewe kuingia hata kwa nusu pumzi. Alisimamisha kwaya nzima, akakutazama, akasema, "Aliyechelewa ana sababu zake. Wimbo hauna." Tukarudi mwanzo.

Sisi wa mlima wa Sagalla hatukumwita kwa jina. Alikuwa Mwalimu, basi, ingawa walimu wa shule walikuwako na wengine walikuwa na vyeti vikubwa kuliko chake. Ukisema "Mwalimu amesema", hakuna aliyeuliza mwalimu yupi. Nami nitamwita hivyohivyo. Namkumbuka mara nyingi kuliko ninavyopenda. Mimi nilipanda kwa ngazi aliyoishika yeye, na ngazi ilipoanguka ilimwangukia yeye, mimi nikiwa nimeshafika juu.

Alikuwa mrefu, mwembamba, na shingoni alivaa kamba yenye filimbi ndogo ya kutolea sauti. Watoto tuliamini analala nayo. Viatu vyake vya Jumapili vilikuwa vyeusi, vinang'aa, na kimoja hakikuwa na ulimi. Ulimi huo ulikuwa ndani ya kinanda cha kanisa. Panya walikuwa wametoboa ngozi ya mvukuto, ule mfuko unaojaa upepo ukikanyaga kwa miguu, na kinanda kikawa kinakohoa badala ya kuimba. Wazee wa kanisa wakasema tuchange, tukachanga maneno. Mwalimu akatoa kisu, akakata ulimi wa kiatu chake, akaushona kwenye tundu, akaupaka nta. Kuanzia hapo, akisifiwa kwa kupiga kinanda vizuri, alijibu, "Msinisifu mimi, sifuni kiatu." Hata hivyo sifa alizipenda. Alikuwa hodari wa kusogea taratibu mpaka pale zilipokuwa zikitolewa.

Alikuwa na vinyume vyake vya namna hiyo, tena vingi. Pombe hakuionja, lakini ukimtafuta Jumamosi jioni ungemkuta amekaa nje ya ua wa mama mmoja muuza pombe, ameegemea ukuta, macho ameyafumba. Kasisi alimuuliza mara moja anatafuta nini pale. "Nasikiliza," akajibu. "Kanisani watu wanaimba wakiogopa kukosea. Hapa hawaogopi." Alituhubiria subira, na subira yake mwenyewe iliwatosha watoto tu. Mtoto wa miaka sita angeweza kukosea mara ishirini na Mwalimu akacheka naye. Mtu mzima akikosea mara mbili, hasa wale wa sauti ya tatu, Mwalimu alivua kofia na kuitupa chini. Sauti ya tatu aliwachukia kwa moyo safi. Alisema Mungu aliwaumba siku ya saba, alipokuwa amepumzika.

Usiku wa msimu wa mahindi, ndovu walipotoka mbugani na kupanda mlima mpaka mashambani, kila mtu alilinda shamba lake kwa kupiga debe. Debe la Mwalimu ulilitambua kutoka mbali, maana lilipigwa kwa mapigo matatu matatu, la kwanza zito, mawili mepesi. Jirani zake walisema ndovu hawakimbii debe, wanakimbia kurudishwa mwanzo.

Ila nikitaka kumwonyesha mtu Mwalimu alikuwa nani hasa, nitampeleka kwenye bomba la maji.

Maji kwetu yalikuwa shida. Bomba lilikuwa moja kwa upande wetu wa mlima, na siku lilipotoka maji, wanawake walishinda kwenye laini, foleni ya madebe, mpaka jua linakaribia kuzama. Mazoezi ya kwaya yalikuwa saa kumi. Basi kanisani alibaki Mwalimu, wanaume wanne na kinanda. Kasisi alimshauri awaondoe wanaokosa. Mwalimu alifikiri siku mbili, kisha akayahamishia mazoezi bombani.

Alitembea kando ya laini na fimbo yake, akiwapanga walivyosimama na madebe yao: wa mbele sauti ya kwanza, wa kati sauti ya pili, na nyuma kabisa wanaume waliokuja na punda, tatu na besi. Laini ilisogea wakiimba. Tatizo ni kwamba aliyejaza debe lake alitaka kwenda nyumbani kupika. "Mama, usiondoke, mstari haujaisha!" Mwalimu alipiga kelele. "Mwalimu, watoto wangu watakula mstari?" mama akamjibu. Kila mtu alicheka, na yule mama alibaki mpaka mwisho wa mstari, debe kichwani, maji yakimdondokea mabegani, akiimba. Watu waliotoka Voi kuja kuuza vitu walisimama kutazama. Kwaya ile ilikwenda Wundanyi kwenye mashindano ikarudi na ushindi zaidi ya mara moja, na kila mwanamke aliyekuwa ndani yake alijifunza sauti yake akingoja maji.

Aliyeongoza sauti ya pili alikuwa shangazi yangu, dada ya baba, aliyenilea. Shule aliishia darasa la tatu. Lakini herufi za nyimbo alizisoma kama anasoma jina lake. Wasiozijua niwaeleze. Katika kitabu chetu, juu ya kila neno la wimbo palikuwa na herufi ndogo: d ni do, r ni re, m ni mi, na kuendelea hivyo. Wamishonari wa zamani ndio walioleta. Mwalimu aliandika nyimbo mpya kwa herufi hizohizo kwenye karatasi za kaki, akazibandika kanisani, na shangazi akiisha kuzitazama, alikuwa nazo maisha. Mlima mzima haukujua kwamba muziki huandikwa kwa namna nyingine yoyote. Nami sikujua, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Nilipokuwa Form Five, katika shule ya bweni mbali na nyumbani, mwalimu mkuu wetu alituita ofisini mmoja mmoja. Masomo yangu makuu yalikuwa matatu: Historia, Dini na Fasihi ya Kiingereza. Nafasi za chuo kikuu zilikuwa finyu, na mwenye somo la nne alikuwa na kinga, likivunjika moja linashika jingine.

"Chagua la nne," akaniambia. "Utalisoma mwenyewe likizoni. Hapa hakuna wa kukufundisha, na sitaki kumwona mtu analia."

Wenzangu karibu wote walichagua Uchumi, kwa sababu vitabu vyake vilipatikana. Mimi nikasema Muziki. Akaweka kalamu chini.

"Muziki unaujua?"

"Naujua," nikasema.

Wala sikuwa nikidanganya. Nilikuwa nimeimba sauti ya pili tangu siku nilizosimamishwa juu ya benchi ili nionekane. Niliona nimewapiga chenga wenzangu: wao wakeshe na Uchumi, mimi nipite na kitu nilichokinyonya. Akanipa kitabu kimoja kutoka kabatini na mitihani ya miaka iliyopita. Niliifungua bwenini. Hapakuwa na d wala r wala m. Palikuwa na mistari mitano, mitano, mitano, na juu yake vijinukta vyenye mikia. Nilifunga kitabu, nikakitia chini ya sanduku, nikangoja likizo.

Shangazi alizitazama karatasi zile chini juu. "Hii ni ua ya mbuzi," akasema. "Na hizi ni mbuzi zimekwama. Wimbo iko wapi?"

Mwalimu hakucheka. Nilimkuta kanisani akisafisha kinanda. Alifuta mikono kwenye suruali, akazipeleka karatasi dirishani penye mwanga, akasimama nazo kwa muda mrefu. Kisha akakaa kwenye benchi.

"Hii nimeiona," akasema. "Nilikuwa kijana. Mke wa yule kasisi mzungu alikuwa anapiga kinanda akiangalia kitabu kama hiki. Nikamwambia, nifundishe hiyo. Akaniambia, do-re-mi inawatosha."

"Ukafanya nini?"

"Nikashukuru." Alizikunja karatasi vizuri kwa mikunjo yake ileile. "Nimeshukuru mpaka leo. Kumbe tulipewa ganda, ndizi wakabaki nayo."

Nilimwambia nitarudi shuleni nibadilishe, nichukue Uchumi, bado kulikuwa na nafasi. Naikumbuka sana dakika ile. Kama angeniambia ndiyo, kabadilishe, huenda mlima ungebaki na kwaya yake. Lakini alinitazama kama nimekosea kuingia.

"Wewe ulisema unaujua muziki. Sasa utaujua. Na mimi pia."

Likizo zote zilizofuata tulikaa kwenye kinanda kile alasiri baada ya alasiri, mtu mzima wa miaka yake na msichana wa Form Five, tukisoma kitabu kimoja. Kiingereza cha kitabu nilimfasiria mimi. Vidole alinionyesha yeye. Tulipofika kwenye jambo ambalo wote wawili hatukulijua, alisema, "Haya, tukosee pamoja," tukakosea. Alinipita upesi. Mimi nilikuwa najifunza ili nifaulu, yeye alijifunza kama mtu anayerudishiwa kitu chake. Akipata kusoma mstari mmoja bila kusimama, alitoka nje, akazunguka kanisa mara moja, akarudi.

Mtihani wa kupiga kinanda nilifanyia Mombasa, katika ukumbi mmoja, mbele ya mama mmoja mwenye miwani. Palikuwa na piano. Sikuwahi kuigusa piano. Nilikaa, nikaanza, na miguu yangu ikaanza kukanyaga sakafu, kushoto, kulia, kushoto, kulia, kama ninavyokanyaga mvukuto wa Sagalla. Sikuweza kuizuia. Niliamini kabisa nikiacha sauti itakata. Yule mama aliinama akatazama chini ya piano, akaandika kitu. Niliporudi nikamsimulia Mwalimu, alicheka mpaka akashika ukuta. "Hiyo alama ya miguu ni yangu," akasema. "Mwambie mama huyo atume."

Matokeo yalipotoka, Fasihi ilikuwa imenitupa chini. Muziki ndio ulioniokoa. Bila hilo somo la nne nisingeingia chuo kikuu, na hili silisemi kwa unyenyekevu, lilikuwa hesabu wazi mbele ya macho ya kila mtu. Mwalimu alipandisha filimbi mdomoni akaipuliza katikati ya njia. Siku niliyoteremka kwenda Voi kupanda garimoshi la Nairobi, alifika kunisindikiza. Alichelewa, bila shaka. Behewa lilikuwa limeshaanza kusogea, naye akakimbia kando yake, ameshika kofia.

"Utatuletea mistari mipya!" alipaza sauti.

"Ndiyo, Mwalimu!" nikajibu. Mtu dirishani mwa garimoshi hujibu ndiyo kwa kila kitu.

Chuoni nilisoma sheria. Sikusoma muziki hata saa moja. Hakuna aliyenizuia, sikutaka tu. Somo la nne lilikuwa limefanya kazi yake, nikaliweka kando kama debe tupu.

Sasa niseme kilichotokea huku nyuma, ambacho sikukiona kwa macho, nilikisikia vipande vipande nikirudi likizo, na zaidi kwa shangazi.

Jumapili moja, baada ya matangazo, Mwalimu alisimama mbele ya kanisa na kuwaambia watu kwamba miaka yote amewafundisha nusu. Akainua mkono wa kulia. "Mkono huu hautaandika do-re-mi tena," akasema. "Tutasoma kama watu wengine wanavyosoma." Akazibandua karatasi zote za kaki ukutani. Watu walidhani ni msisimko wa siku moja.

Haukuwa wa siku moja. Pale bombani alichora mistari mitano ardhini kwa fimbo, mirefu, kandokando ya laini nzima, akaweka vijiwe kuwa nota, akawaambia wanawake wasome wanavyosogea. Punda wakapita juu yake. Watoto wakaokota vijiwe. Akachora upya. Wanawake waliokuwa wakiimba nyimbo mia bila kutazama popote sasa walisimama kimya, madebe mkononi, wakiangalia chini wasijue pa kuanzia. Shangazi, ambaye hakuwahi kuulizwa swali katika kwaya ile kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa jibu, aliulizwa mbele ya laini nzima kile kijiwe cha tatu kinaitwaje.

"Sijui, Mwalimu," akasema.

"Mbona mtoto wako anajua?"

Shangazi alinisimulia hilo akiwa anapepeta mahindi, bila kuniangalia. Alichukua debe lake, likiwa bado tupu, akatoka kwenye laini na kwenda nyumbani. Siku hiyo nyumba haikuwa na maji. Hakurudi kwaya tena. Wakamfuata wenzake, mmoja, wawili, wote wa sauti ya pili, kisha nusu ya ile ya kwanza.

Walimbembeleza Mwalimu. Kasisi alimbembeleza. Mpinzani wetu mmoja kutoka Mbale, karibu na Wundanyi, mwalimu wa kwaya ya kule, alikuja kwa miguu yake kumwambia arudishe herufi, kwa maana kumshinda bila kina mama wale hakutakuwa na utamu. Akakataa. Wakaenda Wundanyi na waimbaji wachache, vijana wengi, wakiwa wameshika karatasi za mistari wanazozisoma nusunusu. Walikwama katikati ya wimbo. Mwalimu akawarudisha mwanzo mbele ya waamuzi. Wakakwama tena.

Wazee wa kanisa hawakumfukuza. Walimwomba tu ufunguo wa kinanda, "ili apumzike kidogo". Kwaya wakampa kijana mwenye gitaa. Mwalimu alikabidhi ufunguo pamoja na kitambaa cha kufutia vumbi, akaeleza panya wanapitia wapi.

"Wewe ulipata somo la nne," shangazi aliniambia siku ile ya mahindi. "Sisi tukapoteza kwaya." Alisema bila ubaya, kama mtu anayesema mwaka huu mvua haikunyesha. Ningependa angenigombeza. Nilijitetea moyoni kwa kila hoja niliyofundishwa: sikumtuma, sikujua, mtu mzima huamua mwenyewe. Mahakama yoyote ingeniachilia. Lakini nilikuwa mimi niliyeuleta ua ule wa mbuzi mlimani, nikautumia, nikaondoka, nikawaachia.

Likizo zilizofuata nilipita mbali na nyumba yake. Nilisalimia kwa mbali, nikasema nina haraka. Kisha nikapata kazi Nairobi, na haraka ikawa ya kweli.

Nilimwona tena mwanzoni mwa miaka ya themanini. Nilikuwa na likizo fupi, nikapanda Sagalla kwa miguu, na Jumapili nikamwona kanisani, benchi la nyuma kabisa, katikati ya wanaume wa besi. Kijana wa gitaa aliongoza. Mwalimu aliimba alichoambiwa aimbe. Kofia ilikuwa magotini. Hakumrudisha mtu mwanzo.

Baada ya ibada alinishika mkono kabla sijaanza kusema nina haraka. "Njoo nyumbani," akasema. "Nimekuwekea kitu."

Nyumbani kwake alinikalisha kwenye kigoda mlangoni, penye mwanga, akaingia ndani, akatoka na karatasi kubwa iliyokunjwa. Ilikuwa imechorwa mistari mitano mitano kwa rula, minyofu, na nota zilipangwa kwa wino, sauti nne, ukurasa mzima na nyuma yake.

"Umetunga wewe?"

"Nimetunga. Wimbo wa mavuno. Umekaa hapa miaka miwili sijausikia." Akacheka kidogo. "Kijana wa gitaa hajui mistari. Mlimani hapa tunaosoma ni wawili tu, mimi na wewe. Mimi siwezi kuimba sauti mbili. Haya, shika ya pili. Mimi nitashika besi."

Akapandisha filimbi mdomoni, akatoa sauti. Akangoja.

Niliitazama karatasi. Nilijua kulikuwa na namna ya kuhesabu kutoka mstari wa chini, alinifundisha au nilimfundisha, sikumbuki nani alimfundisha nani. Nikahesabu mstari wa kwanza. Nikapotea kwenye wa pili. Vijinukta vilikaa pale na mikia yao, na havikuniambia kitu. Nilifikiria kubahatisha. Lakini huyu alikuwa mtu ambaye angesikia kosa langu kabla sijafungua mdomo.

"Mwalimu," nikasema, "niandikie kwa do-re-mi."

Aliiondoa filimbi mdomoni.

"Hata wewe?"

"Hata mimi, Mwalimu. Nimesahau. Sikuisoma tena. Chuoni sikuusoma muziki kabisa." Nikamrudishia karatasi. "Nisamehe."

Hakusema amenisamehe. Aliutazama mkono wake wa kulia, akaugeuza, kiganja juu, kiganja chini. Kuku alipita kati yetu. Kisha akasimama, akaingia ndani, nikadhani amenifungia mlango. Akarudi na penseli na kisu. Aliichonga polepole, akakaa, akaiweka karatasi juu ya goti, na chini ya nota ya kwanza akaandika herufi moja. Kisha ya pili. Aliandika vizuri, kwa mwandiko uleule wa zile karatasi za kaki. Alianza na sauti ya pili.

"Mbona hukuanzia juu?" nikamuuliza.

"Hii niliiandika nikimsikia shangazi yako." Hakuinua macho. "Besi naijua. Ya kwanza wataipata wenyewe. Mpelekee. Usimwambie kitu, mpe tu."

Siku ya pili yake bomba lilikuwa linatoa maji. Shangazi alikuwa kwenye laini, katikati, mahali pake pa zamani. Nikampa karatasi. Aliona mistari kwanza, akakunja uso, akataka kunirudishia. Kisha akaona herufi za penseli. Akaweka debe chini. Midomo yake ikaanza kutembea, bila sauti, halafu na sauti, ndogo, ya chini, sauti ile iliyonilaza usingizi utoto wangu wote. Mama aliyekuwa mbele yake aligeuka. Wa nyuma akasogea kuchungulia. Wakaipokea kidogokidogo, na mwanamke mmoja aliyekuwa ameshajaza debe lake akalitua.

Mimi nilisimama kando. Nilijua pa kuingia, herufi nilikuwa naziona. Nikavuta pumzi nikaingia nao, na shangazi akainua mkono, wote wakanyamaza.

"Umechelewa," akaniambia.

"Nina sababu, shangazi."

"Wimbo hauna," akasema, na tukarudi mwanzo.

Tulipofika mstari wa pili, kutoka mwisho kabisa wa laini, mahali pa wanaume na punda, besi iliingia, mahali pake hasa. Sikugeuka. Niliendelea kuangalia herufi, nikaimba sauti ya pili, machozi yakinitoka, nikijitahidi nisichelewe tena.